Mwaka Tuliokaa Nje

Tulimzika Agneta kwao Khayega mwezi uliopita, mvua ikinyesha tangu asubuhi. Nilikuwa nimeketi chini ya hema na sahani ya wali mapajani, mwanamke mmoja aliyekuwa akigawa chai akaniuliza mimi ni nani wa marehemu. Alitazama mtandio wangu, akasema, "Hatujawahi kukuona hapa. Wewe ni wa kanisani ama wa kazini?" Nikamjibu kwamba nilikuwa rafiki yake wa zamani, wa mjini. Akaitikia kwa kichwa, akasonga mbele na birika lake. Jibu lile lilinikera siku nzima, maana lilikuwa kweli na halikuwa kweli. Miaka ya tisini, nilipokuwa msichana wa miaka ishirini na sina pa kushika, Agneta alinipa mimi na kaka yangu mahali pa kukaa wakati mji mzima ulikuwa umetuchoka. Wasifu wake uliposomwa kaburini walitaja alikozaliwa, shule alizosoma, na miaka aliyofanya kazi ya maendeleo ya jamii. Mwaka wetu haukutajwa. Hata watoto wake nadhani hawakuujua. Basi nautaja mimi.

Nilikuwa nikiishi na kaka yangu Rashidi katika nyumba ya vyumba viwili mtaani Amalemba. Yeye alikuwa mwalimu wa jiografia katika shule moja ya kutwa. Mimi nilikuwa nimetoka Mumias kuja kusomea upigaji chapa. Alilala chumba cha ndani, nami nililala sebuleni nyuma ya pazia la maua, pamoja na jiko la mafuta ya taa, ndoo za maji, na ramani ya Afrika iliyochukua nusu ya ukuta. Jioni tulikula sima na mboga ya mrenda tukiwa tumeketi mkekani, naye akiniigizia sauti za wanafunzi wake na za walimu wenzake, mmoja mmoja, hadi jirani agonge ukuta kutunyamazisha. Watu wakiniuliza Rashidi alikuwa mtu wa namna gani kabla ya yote yale, hizo ndizo jioni ninazowasimulia. Alikuwa mtu wa kuchekesha. Hilo lilikuwa la kwanza kupotea.

Mvua ndefu zilipoanza aliacha kulala. Kisha akaacha kuzungumza wakati wa kula. Kisha mkuu wake wa shule akaja nyumbani, akasimama mlangoni miguu ikiwa na matope, akakataa kuingia. Aliniambia kwa upole kwamba Mwalimu Rashidi alikuwa amewanyamazisha wanafunzi katikati ya somo, akalala kifudifudi na kuweka sikio sakafuni, akawaambia wasikilize maji yanavyopita chini ya darasa. Baadhi ya watoto walicheka. Mmoja alilia. "Apumzike kidogo, dada yangu," mkuu alisema. "Akili ikichoka hupumzishwa, hakuna aibu." Nilimshukuru, nikafunga mlango, na nilipogeuka nilimkuta Rashidi amesimama nyuma ya pazia langu, viatu mkononi. "Zuhura," aliniambia, "hii nyumba inanibana. Nikikaa humu nitakufa." Akatoka. Nami nikatoka nyuma yake, sufuria ikiwa bado mekoni.

Tangu siku hiyo hatukukaa tena ndani mchana. Alikuwa akiondoka kukipambazuka tu, na asubuhi za mwanzo nilijaribu kumzuia kwa maneno, kisha kwa machozi, kisha kwa kufunga mlango kwa kufuli. Siku ya kufuli alivunja kioo cha dirisha kwa mkono mtupu, na nilipomvuta kioo kikanikata mkono. Basi nikajifunza kumfuata. Niliamka kabla yake, nikasonga sima, nikaifunga kwa jani la mgomba pamoja na mboga, kwa sababu chakula alichokiona kikiiva ndani ya nyumba hakukitia mdomoni, lakini kile nilichokifungua juu ya nyasi alikula. Chuo niliacha kwenda bila kuaga. Sikuwa na fikira ya mbali. Kila siku nilikuwa na jambo moja tu la kufanya: kutompoteza.

Hivyo ndivyo nilivyokuja kujua kila mahali pa kupumzikia katika mji wa Kakamega, mimi ambaye sikuwa hata na dakika ya kupumzika. Asubuhi tulikuwa bustani ya mjini, kwenye mabenchi ya saruji yaliyolowa umande, pamoja na wanaume waliopunguzwa kazini ambao walivaa suti na kutoka nyumbani kama kawaida ili majirani wasijue. Walisoma gazeti moja kwa zamu. Baadaye tulikwenda uwanja wa Bukhungu, ambapo Rashidi aliufuata mstari mweupe wa chokaa kuuzunguka uwanja, akizunguka na kuzunguka, nami nikiwa nyuma yake hatua chache. Vijana waliokuwa wakifanya mazoezi walitupisha. Mwanzoni walimsalimia, "Mwalimu, sasa!" Wiki chache baadaye waliacha. Jua likipanda tuliketi chini ya miti karibu na uwanja wa gofu, hadi tufukuzwe. Alasiri mawingu yalijikusanya upande wa msituni kama ilivyo desturi ya kule kwetu, na mvua ilipoanza kupiga tulijibanza popote penye paa.

Watu husahau kwamba mtu aliye kimya anasikia. Nikiwa nimeketi pale bustanini, niliwasikia wakituzungumza kana kwamba sote wawili tulikuwa viziwi. "Huyo ni msomi. Vitabu vimempanda kichwani." "Na huyo msichana ni bibi yake?" "Ni dada yake." "Maskini. Nani atamuoa sasa, na kwao kuna ugonjwa huo?" Mwanamke mmoja muuza njugu aliniita pembeni, akaniambia kwa nia njema kabisa kwamba mtu wa hivyo hapendi kuponywa na mwanamke, kwamba nimwachie wanaume. Nilirudi kuketi karibu na Rashidi, nikatamani anigeukie aseme lolote, hata upuuzi, mradi ajue ni mimi. Siku nyingine alisema. Aliniambia kwamba ardhi ya Kakamega ni tupu chini, kwamba maji yameila, na kwamba yeye peke yake ndiye amegundua na hana wa kumwambia. Alikuwa na hofu kweli. Hilo ndilo lililonivunja. Hakuwa na furaha ya wazimu ambayo watu huichekea sokoni. Alikuwa mtu anayeona nyumba inaungua, na kila mtu anamwambia anywe chai.

Jumamosi bustani ilikuwa ya maharusi. Walikuja na magari yaliyofungwa riboni, wakapigwa picha mbele ya maua, wasimamizi wamevaa sare, kina mama wakipiga vigelegele. Jumamosi moja Rashidi alikuwa ametulia, nami nikathubutu kwenda kuchota maji bombani. Niliporudi alikuwa ameshika mkono wa bibi harusi. "Ondoka hapo!" alikuwa akimpigia kelele. "Ondoka, mama, hapo ni patupu, mtadidimia!" Bibi harusi alilia kwa woga, shela likachanika, na wanaume wa harusi wakamwangukia kaka yangu kwa ngumi na viatu. Nilijilaza juu yake. Nakumbuka harufu ya nyasi zilizokatwa, na sauti ya mtu akisema, "Wacheni, wacheni, mtaua mtu siku ya harusi." Mlinzi wa bustani alitutoa nje akituburuta. "Msirudi hapa," alisema. "Hii ni bustani ya watu wenye akili zao." Nilimfuta Rashidi damu kwa mtandio wangu pale kando ya barabara, kichwa changu kikiwa wazi mbele ya watu, na sikujali.

Mvua ndiyo iliyotupeleka kwa Agneta. Ilitukuta tukirudi, mvua ya mawe, tukakimbilia baraza la ukumbi wa jamii wa mtaa wetu. Ulikuwa ukumbi mkubwa wa paa la mabati, wenye jukwaa la mbao upande mmoja, na televisheni iliyofungiwa ndani ya kizimba cha vyuma. Kwenye pembe moja wanawake walikuwa wakijifunza kushona; katikati vijana walicheza mpira wa meza. Mwanamke mnene mwenye shada la funguo alikuja mlangoni, akatutazama toka juu mpaka chini: uso wa Rashidi uliovimba, mtandio wangu wenye damu.

"Mulembe," alitusalimu. "Nani amempiga?"

"Watu wa harusi."

"Ni mgonjwa?"

Hakuna aliyewahi kuniuliza hivyo. Wote waliuliza kama ni mwendawazimu, kama amerogwa, kama anavuta bangi. Nikasema ndiyo, ni mgonjwa, nikaanza kulia kwa sauti mbele ya wale vijana. Agneta hakunikumbatia. Alisubiri nimalize.

"Mimi sina dawa," alisema. "Nina ukumbi. Hapa watu wanakujanga kucheza, kushona na kutazama habari. Na yeye ni watu. Aingie."

Rashidi alikataa kuvuka kizingiti. Lakini madirisha ya ukumbi yalikuwa mapana na milango yake ilifunguka pande zote mbili, na Agneta akaamuru yote ifunguliwe, mvua ikaingia mpaka kwenye cherehani na wanawake wakanung'unika. Hapo akaingia. Alisimama akisikiliza ule mpira mdogo, ko-ko, ko-ko, mezani. Kijana mmoja akampa kibao cha kuchezea. Alicheza vibaya, kisha vizuri, akacheza mpaka shati likagandamana mgongoni. Kisha akapanda jukwaani, akajilaza nyuma ya pazia la michezo ya kuigiza, akalala usingizi mzito. Wanawake wa cherehani waliacha mashine zao ili asiamke. Walinipa chai na viazi vitamu. Tulikaa hivyo, mvua ikipiga mabati, wote kimya tukimlinda mwanamume mzima asinzie. Nikifikiria wema nilioupata duniani, kwanza huikumbuka alasiri ile.

Tuliishi hivyo kwa miezi, na nisiseme kwamba alipona. Siku nyingine alimtukana Agneta kwa maneno ambayo sikujua kwamba anayajua. Siku nyingine alichana wavu wa meza. Waliokuja kutazama habari walilalamika, na mkubwa wa Agneta akamwita ofisini kumuuliza ukumbi umekuwa hospitali tangu lini. Alirudi akatuambia tu, "Leo kaeni upande wa jukwaa." Lakini Rashidi alikuwa anakonda, maneno yake yakipungua, na mimi nilikuwa nimechoka kwa namna ambayo sasa nikiikumbuka inanitisha. Kuna asubuhi nilizosimama jikoni nikiomba Mungu atuchukue sote wawili kwa pamoja, kwa upole, tukiwa tumelala.

Khotsa Juma, ndugu wa mama yetu, alikuja kutoka Matungu na wanaume wawili wa ukoo. Nilikuwa nimetuma habari nyumbani kuomba msaada, na msaada ulikuja na kamba ya katani ndani ya mfuko. Nilimpokea ukumbini, nikampa kiti, nikamwamkia.

"Asalaam aleikum, khotsa."

"Waaleikum salaam, mwanangu. Umekonda." Alitazama kule jukwaani, akavuta pumzi. "Tumekuja kumchukua. Kuna mzee kule karibu na mto, anawatuliza watu kama hawa. Wanakaa kwake mpaka kile kitu kiwatoke."

"Wanakaaje?"

"Wanafungwa. Ni lazima. Mtu wa namna hii hakaangi na msichana peke yake, Zuhura. Ipo siku atakuumiza, na mama yenu atazika wawili."

"Hajaniumiza hata siku moja."

"Na mkono huo?"

Nilikuwa na kovu la kioo cha dirisha. Niliufunika mkono. Khotsa Juma alifuta macho kwa ukingo wa kanzu yake; hakuwa mtu katili, alikuwa amembeba Rashidi mabegani alipokuwa mdogo. "Unadhani ninapenda?" aliniuliza. Tulipokuwa tukibishana hivyo, kwa sauti ya chini na heshima zote, hakuna aliyekuwa akitazama jukwaa. Rashidi alikuwa amesikia kila neno. Tulipoinua macho, pazia lilikuwa linapeperuka, mlango wa nyuma uko wazi, na mawingu yamepasuka.

Sijui jinsi ya kueleza siku zilizofuata ila kwa kutaja mahali. Tulimtafuta Bukhungu, kila jukwaa, hadi vyooni. Tulimtafuta uwanja wa maonyesho, ambao mwaka ule ulikuwa umeota magugu, tukifungua kibanda kimoja kimoja. Tulikwenda hadi kwenye lile jiwe la Ilesi linalotoa maji, ambapo shule huwapeleka watoto matembezi, kwa sababu nilikumbuka alipenda kuwapeleka wanafunzi wake. Agneta alifunga ukumbi, jambo ambalo hakuruhusiwa, akatembea nami akiwa amevaa viatu vya mvua, akiuliza kila mlangoni: mtu mrefu, shati la kijani, mwalimu. Khotsa Juma na wenzake walichukua upande wa Navakholo. Kila jioni tulikutana ukumbini, na kila mtu alimsoma mwenzake usoni kabla hajafika karibu.

Siku mojawapo tuliambiwa maiti ya mwanamume imeonekana kijitoni ukingoni mwa msitu. Tulikwenda kwa miguu, na njia nzima Agneta alinishika mkono. Watu walikuwa wamezunguka. Mtu mmoja alifunua jani la mgomba. Alikuwa mzee mwenye mvi, simjui. Kicheko kikanitoka. Sikukiita, kilikuja chenyewe, na Agneta akaniziba mdomo kwa kiganja chake, kwa nguvu, kwa sababu hatua chache kutoka pale mke wa yule mzee alikuwa ameketi chini kwenye matope, akitutazama.

Waongozaji wa wageni wa kituo cha msitu cha Isecheno ndio waliompata. Alikuwa chini ya kibanda cha nyasi wanapopumzikia watalii na kula vyakula vyao, akiokota walichoacha, miguu imevimba, ndevu zimejaa tope. Tulipofika, Khotsa Juma alikuwa amefika kabla yetu, na kamba iko mkononi mwake. Rashidi alinitazama, akaniita mama. Kisha akamwona khotsa, akaiona kamba, na badala ya kukimbia akapiga magoti, akanyoosha mikono yote miwili mbele yake, viganja vimeungana.

"Nifungeni," alisema. "Nimechoka."

Nyani walikuwa wakiruka juu ya miti. Hakuna aliyesogea. Khotsa Juma alisimama na ile kamba, na nilijua kwamba akipiga hatua moja tu mbele itakuwa imekwisha, kwa maana mimi pia nilikuwa nimechoka. Agneta ndiye aliyesema.

"Mzee wangu, tumpeleke hospitali kwanza. Kamba haiozi."

Khotsa alimtazama mwanamke huyu wa Khayega, Mkristo, asiye wa ukoo wala wa ndoa. Kisha akaitupa kamba kando, akamwinua mpwa wake kwa kumshika kwapani, akamweka mgongoni. Alimbeba hadi barabarani, mzee yule, akipumzika na kuinuka tena, na hakukubali mtu amsaidie.

Hospitali walimpa jina la ugonjwa wake na sindano. Dawa ilimtoa yale maji chini ya ardhi, na mengine mengi ikayatoa nayo. Alirudi nyumbani mzito, ulimi mnene, mate yakimtoka, akitembea kwa kuburuta miguu kama mzee. Hakuigiza sauti ya mtu yeyote. Alikaa ndani akiambiwa kaa, akatoka akiambiwa toka. Kuna siku nilimtazama akila, kijiko kikipanda polepole, nikawaza: tumemwokoa nani? Sikumwambia mtu. Nilimpeleka ukumbini kila siku, nikamweka kitini kando ya meza ya mpira, na yeye akatazama mpira ukienda na kurudi bila kugeuza shingo. Hakurudi kufundisha, mwaka ule wala mwingine wowote. Alidumu na ugonjwa wake miaka mingi, ukilala, ukiamka, na alifariki Matungu akiwa na mvi, mikononi mwa khotsa aliyekuwa mzee kupita kiasi. Lakini hayo ni ya baadaye.

Mwaka ulipokuwa unaishia Agneta aliniita kwenye chumba chake kidogo cha ofisi, kati ya mipira na majembe, akaniambia amezungumza na mkuu wa chuo changu na kwamba naweza kurudi. Nikamuuliza nani atakaa na Rashidi.

"Utamfuata mpaka lini?" aliniuliza.

"Mpaka apone."

"Na asipopona?"

Nilikasirika, nikatoka. Lakini masomo yalipoanza nilimpeleka Rashidi uwanja mdogo ulio nyuma ya ukumbi, nikamketisha kwenye nyasi, nikampa chakula chake, nikamwambia nitarudi alasiri. Sikujua kama amenielewa. Nilitembea kwenda chuoni huku nikigeuka kila mara, na darasani vidole vyangu vilipiga herufi ambazo hazikuwa maneno. Mwalimu aliuvuta ukurasa wangu, akautazama, akaurudisha.

Alasiri uwanja ulikuwa mtupu. Ukumbini hayupo, Agneta alikuwa ameitwa mkutanoni. Nilikimbia nyumbani, hayupo. Nilikimbia Bukhungu, nikakimbia hadi langoni mwa bustani tuliyokatazwa, mlinzi akatikisa kichwa. Nilikuwa nalia waziwazi barabarani, nikiapa kwa Mungu kwamba chuo sitakanyaga tena, nilipomwona ameketi kwa fundi viatu karibu na soko, mguu mmoja peku, akisubiri soli. Nilimwangukia, nikamshika mabega, nikamuuliza alikuwa wapi, kwa nini ameondoka, kama anajua alichonifanyia.

Alinisukuma mikono. Uso wake ulikunjamana polepole, kwa shida, na ilinichukua muda kutambua ninachokiona, kwa kuwa nilikuwa sijakiona karibu mwaka mzima. Kaka yangu alikuwa amenikasirikia, kama kaka anavyomkasirikia mdogo wake.

"Kwani wewe ni nani?" alisema kwa ulimi wake mzito, mbele ya fundi na wateja wake. "Mtu mzima hawezi kutengeneza kiatu chake? Unanipigia kelele sokoni kama mtoto. Huna adabu, Zuhura. Nani alikufundisha hivyo? Mimi ni mkubwa wako."

Fundi aliinamisha kichwa juu ya sindano yake. Niliketi chini kwenye vumbi, mbele ya miguu yake, nikamwacha anigombeze mpaka akachoka.